Saa Mia Tatu za Anti Mamle

Mimi ni mmoja wa watu watatu walioandika Mwongozo wa Kikosi chetu cha makasisi, kwa hiyo kila nikianza kulalamika mke wangu huniambia nikalalamike mbele ya kioo. Ana haki. Nilikaa miaka thelathini na moja katika masjala ya ofisi ya ardhi hapa Somanya, Ghana, nikitunza faili za mipaka ya mashamba ya watu, na nilipostaafu vidole vilikuwa bado vinatafuta kalamu. Ndipo Doku, ambaye siku hizo hakuwa Meja bado, alikuwa mwuza saruji tu mwenye sauti kubwa, akaja barazani kwangu akaniambia, "Bwana Lawer, tunafungua tawi la makasisi wa kujitolea. Watu wa kuomba tunao tele. Mtu wa kuandika ndiye hatuna."

Nikawa katibu wa tawi, nikaandika. Niliandika nani anaweza kujiunga: awe amebatizwa, awe na barua ya mchungaji wake, awe hajawahi kufungwa. Niliandika kwamba ataanza kuruta, miezi sita, kisha awe Luteni. Ili Luteni awe Kapteni, awe amekaa miaka mitatu, amefaulu mtihani wa maandishi, ana sare kamili pamoja na kofia, na amejaza saa mia tatu za kuwahudumia wagonjwa na wafungwa katika Fomu Namba Nne. Wenzetu wa makao makuu Accra waliupenda mno ule mwongozo wakaufanya wa matawi yote. Nilifurahi. Nilimnunulia mke wangu kuku.

Sasa, katika tawi letu kulikuwa na mwanamke mmoja, Anti Mamle Kpabitey. Alikuwa mjane, mtengenezaji wa shanga, yule mwenye tanuru nyuma ya barabara ya Odumase. Kazi yake ilikuwa kusaga chupa kuukuu, kumimina unga wake katika kalibu za udongo na kuchoma, kwa hiyo ukimpa mkono ulikwaruzwa na vumbi la kioo. Alijiunga nasi mwaka wa kwanza kabisa. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, aliuza. Siku nyingine, akishazima tanuru, alikuwa Hospitali ya Bethsaida, kitanda hadi kitanda. Kila muuguzi alimjua. Wagonjwa waliokuwa wakifariki bila ndugu, mara nyingi uso wa mwisho waliouona ulikuwa wake. Na huyo mwanamke, baada ya miaka tisa, alikuwa bado Luteni.

Mtihani alifaulu, tena kwa alama zilizompita Doku. Barua alikuwa nazo. Sare alikuwa nayo, ingawa kofia aliigeuza chombo cha kuhifadhia nyuzi. Kilichokosekana ni Fomu Namba Nne. Hakujaza hata moja, miaka tisa. Doku alijaza zake zote kwa miezi kumi na minane, kwa kuhesabu hotuba alizotoa penye vipaza sauti, akapanda hadi Meja na kiongozi wa tawi, na mimi niliyepiga mhuri nilijua hesabu ile ni ya aibu lakini haikuvunja kanuni yoyote.

Mambo yalichafuka mwezi wa Novemba. Kuna nabii mmoja wa kuokotwa aliingia Bethsaida akawauzia wagonjwa mafuta ya upako, na mgonjwa mmoja akayanywa. Hospitali ikakasirika, na ni haki yao. Wakatuandikia kwamba kuanzia Jumatatu ya Pasaka, wodi ya wanaume waliolazwa muda mrefu haitaingiwa na mtu asiye ndugu wa mgonjwa, isipokuwa kasisi wa Kikosi mwenye cheo cha Kapteni kwenda juu.

Meja Doku aliisoma barua ile kwenye kikao huku anatabasamu kama mtu aliyetajwa kwenye redio.

"Mnaona? Hospitali inatambua vyeo vyetu. Hii ni heshima kwa Kikosi."

Anti Mamle akanyoosha mkono. "Meja, wodi hiyo ndiyo ya Mzee Teye."

"Teye yupi?"

"Teye Ahulu. Wa figo. Yuko kule mwaka wa pili. Dada yake yuko Ada, naye hatembei. Mimi humwona kila Alhamisi."

"Basi atakwenda Kapteni mmojawapo, Anti. Tunao wanne."

"Nani kati yao?"

Makapteni watatu waliokuwepo waliangalia sakafu. Mmoja alikuwa na safari nyingi. Mmoja alisema harufu ya hospitali humpandisha presha. Wa tatu alisema karama yake ni ya vijana. Wa nne hakuwepo, na hakuwa amefika kikaoni tangu apewe nyota ya Kapteni.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema Doku, na kweli alikwenda wiki ile. Alisimama miguuni pa kitanda, akafungua Biblia, akamhubiria Mzee Teye habari za moto wa milele kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wa soko zima. Mzee Teye akamrushia kikombe cha uji. Doku akarudi na shati lenye madoa, akaniamuru niandike kwenye kumbukumbu kwamba mgonjwa ana moyo mgumu.

Nikaona nimechoka. Kesho yake nikaenda kwenye tanuru la Anti Mamle na bahasha ya Fomu Namba Nne chini ya kwapa.

Alikuwa amechuchumaa anachomoa kalibu kwa koleo. Hakugeuka.

"Kama ni zile karatasi, Katibu, ziweke hapo, nakosa vya kuwashia moto."

"Anti, nisikilize. Una mpaka Pasaka. Jaza saa mia tatu tu. Kwa unavyokwenda wodini, hata miezi minne haiishi utakuwa umezifikisha."

"Nijaze nini?"

"Uliingia saa ngapi, ulitoka saa ngapi, ulifanya nini. Kuna maombi, kuna kusoma Maandiko, kuna ushauri. Unatia alama."

"Na nikiwa nimemshika mtu mkono anakata roho, nitazame saa?"

"Utazame ukimaliza!"

"Nikimaliza nini? Wewe umewahi kukaa na mtu anayekata roho, Katibu?"

Nilikuwa katibu wa kikosi cha makasisi miaka kumi na sikuwa nimewahi kukaa na mgonjwa yeyote asiye mama yangu. Kazi yangu ilikuwa karatasi.

"Siwezi," akasema, sasa bila utani. "Wale watu wamenipa mambo yao ya mwisho. Siwezi kuyapeleka Accra nikapewe nyota badala yake. Nikianza kuhesabu, nitaanza kukaa kwa ajili ya kuhesabu. Najijua mimi, napenda kushinda."

"Basi Teye atakaa peke yake."

Hapo alinitazama kwa hasira, nikaona nimemgusa panapouma. Akatupa koleo chini.

"Wewe ndiwe uliyeandika huo upuuzi! Ujaze wewe!"

Nilirudi nyumbani nikimlaani. Nikala kenkey, donge la mahindi, bila hamu, nikamlaani tena. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikaona kwamba, kwa kweli, alichosema kinawezekana. Hakuna mahali Mwongozo unasema Luteni ajaze kwa mkono wake. Nikavaa saa yangu ya kustaafu, nikachukua kalamu mbili, nikaenda kumngoja kwenye lango la Bethsaida.

"Umefuata nini?" akaniuliza.

"Nakuja kujaza. Wewe fanya yako, mimi sipo."

"Utakaa kimya?"

"Kama ukuta."

Ndivyo tulivyoanza. Kuanzia wiki hiyo hadi karibu na Pasaka, kokote alikokwenda nilikuwa hatua mbili nyuma yake na ubao wangu wa kuandikia. Wodi ya akina mama, wodi ya watoto, mapokezi, na kila Alhamisi wodi ya wanaume. Kwa mtu wa masjala ilikuwa mateso. Anti Mamle hafanyi jambo moja kwa wakati mmoja. Anaanza kuomba na mgonjwa wa kitanda cha pili, katikati anamwona wa cha nne anahangaika na shuka, anakatisha "Baba yetu" anakwenda kunyoosha shuka, anarudi anaendelea palepale alipoachia. Niandike maombi dakika ngapi? Shuka niiweke wapi? Siku moja nzima alimtafutia mama mmoja ndala zake zilizopotea. Nikaandika "ushauri".

Kwa Mzee Teye ilikuwa mbaya zaidi. Mzee yule alikuwa dereva wa malori ya mbao, mtu mkubwa aliyekondeana, na hakutaka kusikia jina la Mungu. Alichotaka ni drafti. Anti Mamle alikuja na ubao wake na kete za shanga, nyekundu na za buluu, na wakacheza wakitukanana.

"Sogeza, mwanamke wa chupa. Unangoja nife ndipo ushinde?"

"Ukifa nitasema nilikushinda, nani atakataa? Kula hiyo."

"Siili. Ni mtego. Una roho ya nyoka na umevaa msalaba."

"Na wewe una macho ya kuku. Mtego uko huku, hujauona hata."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, Anti akamshikia bakuli, akamfuta mdomo, wakaendelea. Saa mbili nzima hayakutajwa Maandiko wala mbingu. Tulipotoka nikamsimamisha kwenye korido.

"Anti, hii naijazaje? Fomu haina mahali pa drafti."

"Andika alinishinda mara tatu."

"Siwezi kuandika hivyo!"

"Basi uongo huo wa kwako, mimi nimekuambia kweli."

Niliandika "ushauri, saa mbili, dakika kumi". Nikafika nyumbani na kichwa kinagonga. Mke wangu akasema tangu nianze kuhudumia wagonjwa nimekuwa mgonjwa.

Lakini nilijaza. Katikati ya Machi, vumbi la harmattan, ule upepo wa jangwani, lilikuwa limekwisha kutulia, nikajumlisha mara mbili nikapata saa mia tatu na kumi na saba. Sista Vida, mkuu wa wauguzi, akapiga mhuri kila ukurasa bila kuuliza, maana kila saa alikuwa ameiona kwa macho yake. Juu ya kila fomu niliandika kwa herufi kubwa: LUTENI MAMLE KPABITEY. Anti alikataa kutia saini hata moja, kwa hiyo chini, penye neno mjazaji, nikasaini mimi. Nikafunga kifurushi kwa kamba, nikakipeleka Accra kwa mkono wangu, nikapewa stakabadhi.

Orodha ya waliopandishwa ilikuja wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Meja Doku aliisoma kikaoni.

"Kutoka tawi la Somanya, cheo cha Kapteni," akasema, akavuta pumzi kama anatangaza mshindi wa bahati nasibu, "Ndugu Katibu Lawer Odonkor!"

Watu wakapiga makofi. Nilidhani hajasoma sawasawa. Nikamnyang'anya karatasi. Jina langu. Jina langu peke yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa makao makuu. Kanali Ampem, anayeshughulikia vyeo, ni mtu mpole, mwenye meza safi na feni inayolia. Alinikaribisha maji baridi na kunipongeza kabla sijakaa.

"Kanali, kuna makosa. Saa zile si zangu. Ni za Luteni Kpabitey. Jina lake liko juu."

"Liko juu, ndiyo." Akavuta faili langu, akavaa miwani. "Lakini nani amejaza?"

"Mimi, lakini nilijaza kwa niaba yake."

"Na aliyesaini?"

"Mimi."

"Kanuni ya kumi na nne, Katibu. Saa za huduma ni za mtu aliyezijaza na kuzitilia saini, wala haziwezi kuhamishiwa mtu mwingine." Akaniangalia kwa upole. "Si wewe uliyeiandika?"

Ni mimi. Niliiandika baada ya kugundua kwamba kuna Luteni mmoja anayewajazisha wapwa zake. Nikaisahau kama mtu anavyosahau alikoweka miwani iliyo kichwani kwake.

"Kanali, huyu mama amefanya kazi hii miaka tisa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kalamu!"

"Ulikuwa wodini?"

"Nilikuwa wodini."

"Saa zote mia tatu na kumi na saba?"

"Zote."

"Basi hakuna udanganyifu. Umehudumu, na wewe ni Luteni wa zamani uliyekwisha kufaulu mtihani." Akafunga faili. "Ni kanuni nzuri sana ile. Imetuepusha na mengi."

"Basi nakataa cheo."

"Kukataa cheo ni utovu wa nidhamu. Kanuni ya ishirini na mbili. Utarudi kuruta." Akasita kidogo. "Hiyo nadhani pia uliiandika wewe."

Nikaomba kubadilisha kanuni. Akaniambia mapendekezo ya kubadilisha Mwongozo hupokelewa kutoka kwa Meja na kuendelea. Sikumwuliza nani aliandika hiyo. Nilimshukuru kwa maji, nikatoka nje, nikasimama juani nikimtukana mtu wa masjala wa miaka kumi iliyopita, yule aliyedhani ana akili.

Nilipomsimulia Anti Mamle, alicheka hadi akaketi chini kwenye majivu. Alicheka akijipiga mapaja, akawaita majirani waje kumwona Kapteni. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akajifuta macho kwa kitenge, akabaki anatazama tanuru.

"Pasaka ni Jumapili," akasema.

"Najua."

"Alhamisi ijayo atanisubiri. Huwa anajinyoa."

Akainuka, akajipangusa majivu.

"Wewe si Kapteni? Wewe utaingia."

"Niingie nikafanye nini? Mimi hata drafti sijui!"

"Utajifunza."

Alhamisi baada ya Pasaka nilivaa sare mpya. Kofia ilinibana. Anti Mamle alikuja hadi mlango wa wodi, kisha Sista Vida akasimama mbele yetu na kitabu chake, na usoni alionekana kama mtu aliyeambiwa amfukuze mama yake.

"Anti, mimi siwezi. Msimamizi amekaa ofisini anaangalia."

"Hakuna kibali chochote?" nikauliza. "Hata cha dakika tano?"

Sista akageuza kurasa, polepole, kisha akageuza tena. "Kapteni anaruhusiwa kuingia na mtu mmoja. Wa kumbebea Biblia."

Tukatazamana, watu watatu wazima.

"Leta hiyo Biblia," akasema Anti Mamle.

"Anti, hapana. Mimi nikubebee wewe, siyo—"

"Leta, Lawer! Kwani nitapungua kilo?"

Akaichukua mikononi mwangu, akaitia kwenye kikapu chake juu ya ubao wa drafti, akasaini kitabuni: msaidizi. Miaka tisa ya kazi, na ameingia kama mbeba Biblia wa mtu asiyejua hata kushika mkono wa mgonjwa. Nilipita ule mlango nimekunja uso hivi kwamba Mzee Teye aliponiona aliuliza nani amekufa.

"Yeye ndiye bosi sasa," Anti akamwambia. "Mpigie saluti."

"Huyu? Huyu si yule karani wa kuandika-andika?"

"Ndiye. Amepewa nyota kwa kuandika-andika."

Mzee akanitazama juu hadi chini, na kofia yangu. "Basi kaa. Leo nitakutoa roho wewe."

Alinishinda mara sita. Wiki iliyofuata mara tano. Kila Alhamisi tulisaini mlangoni kwa mpangilio uleule, Kapteni na msaidizi, na kila Alhamisi nilikasirika upya, na Anti kila mara aliniambia ninamchosha. "Hasira yako inakaa kitandani pamoja naye," alisema. "Iache kwenye korido." Nilijaribu. Mengine niliyaona polepole: kwamba humwulizi mzee anajisikiaje, unamwuliza kama mwenzake wa kitanda cha jirani amekoroma tena. Kwamba maji unampa kabla hajaomba, kwa sababu kuomba kunamuaibisha. Kwamba akinyamaza humjazii ukimya. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilikuwa nimeyaona yote yale mwezi hadi mwezi wakati wa kujaza, nikayaandika "ushauri".

Mzee Teye alifariki mwezi wa Juni, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Sista Vida alinipigia simu asubuhi, akasema hali imebadilika, nami nikamfuata Anti kwenye tanuru na tukaenda hata hajanawa. Mzee alikuwa hawezi tena kusema sentensi nzima. Anti alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilikuwa nimeogopa saa ile miaka kumi. Haikuwa kama nilivyodhani. Ilikuwa kazi, kama kumsaidia mtu kushuka gari na mizigo yake. Karibu na mwisho alimkazia macho Anti, akasema, "Omba basi. Kidogo." Anti akaomba kidogo, kama alivyoambiwa. Mkono mmoja wa mzee ulikuwa katika mkono wa Anti wenye vumbi la kioo, na mwingine ulikuwa katika mkono wangu.

Nilipofika nyumbani, nilijaza Fomu Namba Nne. Naungama. Saa tano na nusu. Nilijichukia nikiijaza, lakini nimekwisha kuamua nitakuwa Meja, Mungu akinijalia, na Meja anahitaji saa mia tano, na mtu wa kuibadilisha kanuni ya kumi na nne hatashuka kutoka mbinguni.

Mazishi yalikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dada yake aliletwa kutoka Ada kwa kiti cha magurudumu, mama mzee mwenye sauti ya kaka yake. Kikosi kilikuja kwa sare, kwa mara ya kwanza wote, Makapteni wanne wa zamani, yule wa vijana na yule wa presha. Meja Doku akapewa nafasi ya kusema, akasimama akaeleza jinsi Kikosi kilivyokuwa bega kwa bega na marehemu "Ndugu Tetteh" hadi pumzi ya mwisho. Nikaanza kuinuka. Anti Mamle akanivuta koti kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika.

"Kaa."

"Hata jina lake hajui!"

"Kaa, nakwambia. Dada yake anasikiliza. Anadhani watu hawa wote walimpenda kaka yake. Muache adhani."

Nikakaa. Ilinigharimu.

Baada ya kuzika, watu walipokuwa wakigawiwa chakula, yule dada akaomba asogezwe kwa watu wa sare. Akamshika Doku mkono.

"Kaka yangu alinipigia simu kila Alhamisi jioni. Alinisimulia habari za mwanamke mmoja anayemtukana. Alisema ndiye mtu pekee anayemheshimu. Yuko hapa?"

Doku akageuka huku na huku, akamwona Anti Mamle anasaidia kugawa banku, ugali wetu, mezani, akatabasamu tabasamu lake la redio.

"Aa, huyo. Huyo ni Luteni wetu. Bado yuko katika mafunzo."

"Si kweli, mama," nikasema. "Aliye katika mafunzo ni mimi. Meja naye hajaanza."

Nilisema kwa sauti, mbele ya Makapteni wote, na nikajua tayari ni kanuni ya ngapi niliyoivunja. Yule dada hakutusikiliza tena. Alikuwa ameshasukuma magurudumu yake mwenyewe kuelekea mezani, na Anti Mamle, alipomwona anakuja, aliweka sahani chini, akajifuta mikono kwenye kitenge chake.